Kikao kiko sebuleni, mgonjwa hajaulizwa

Ni saa mbili usiku katika nyumba moja Kimara, Dar es Salaam. Sebuleni wamekaa watu tisa. Baba mdogo ameingia jioni kutoka Ugweno, Kilimanjaro, na miguu bado imevimba kwa kukaa kwenye basi tangu alfajiri. Shangazi amekuja na shuka mbili na chupa ya uji. Watoto watatu wa mgonjwa wamebanana kwenye kochi moja. Wa nne yuko Mwanza, sauti yake inatoka kwenye simu iliyowekwa mezani.

Ajenda ni moja: Baba apelekwe wapi?

Mtoto wa kwanza anataka India. Ameshauliza gharama, na anasema shamba la Mkuranga likiuzwa fedha itatosha. Wa pili amesikia habari za mzee mmoja Tanga anayetoa dawa ya mizizi. Baba mdogo anaona arudishwe hospitali alazwe, awekewe dripu, "maana hali chakula." Mama anazungusha chai na hasemi kitu.

Chumbani, hatua sita kutoka pale, mgonjwa yuko macho. Anasikia kila neno. Tangu kikao kianze, hakuna aliyegonga mlango kumuuliza yeye anataka nini.

Ana miaka 71. Saratani ya tezi dume imesambaa hadi kwenye mifupa ya mgongo na nyonga. Madaktari wameiambia familia kwamba ugonjwa huo sasa unaweza kupunguzwa makali, lakini hauwezi kuondolewa. Yeye ameambiwa ana "tatizo la mgongo."

Familia hii haina jina kwa sababu ni ya mfano. Lakini aliyewahi kuuguza mzazi kwa miezi ataitambua sebule hiyo, chai hiyo na ukimya wa mama huyo. Jambo linalokosekana katika kikao hicho lina jina kwa wataalamu wa afya: tiba shufaa, na pamoja nayo mazungumzo ya mapema kuhusu siku za mwisho za mtu.

Tiba shufaa ni nini?

Ni huduma anayopewa mtu mwenye ugonjwa unaotishia uhai, pamoja na familia yake, ili apunguziwe mateso. Kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani (WHO), huduma hii hushughulikia maumivu ya mwili, hofu na huzuni, matatizo ya kijamii na mahitaji ya kiroho. Inawahusu wagonjwa wa saratani, na pia wa moyo, figo, mapafu, kiharusi na Ukimwi, watu wazima na watoto.

Kosa la kwanza linalofanyika ni kudhani kwamba huduma hii huanza siku daktari anaposema hana la kufanya. Inatakiwa ianze mapema, sambamba na matibabu mengine. Mgonjwa anaweza kuwa anapata mionzi au dawa za saratani huku muuguzi wa tiba shufaa akimsaidia kulala usiku bila maumivu. Ugonjwa unapozidi, sehemu ya tiba ya kuponya hupungua na ya kutuliza huongezeka.

Mwanzo wa hospisi za kisasa unahusishwa na Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza kama muuguzi, akawa ofisa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari. Mwaka 1967 alifungua Hospisi ya St Christopher's jijini London. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa hayako mwilini peke yake. Deni ambalo halijalipwa huuma, mtoto ambaye hamjapatana naye huuma, na kutojua nani atamtunza mkeo huuma vilevile.

Barani Afrika, hospisi ya kwanza ilianzishwa Harare, Zimbabwe, mwaka 1979. Nairobi Hospice ilifuata mwaka 1990, na mwaka 1993 Dkt Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Kwa Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road imekuwa kitovu cha huduma hii kwa wagonjwa wa saratani. Hospitali ya Kilutheri ya Selian mkoani Arusha na hospitali ya Muheza mkoani Tanga ni miongoni mwa zilizotangulia kuwafuata wagonjwa majumbani.

Hilo la majumbani ni muhimu. Wengi wakisikia hospisi hufikiria jengo ambako mtu hupelekwa kufia. Katika Afrika Mashariki sehemu kubwa ya huduma hii hufanyika nyumbani: muuguzi anakuja na mkoba wake, anapiga hodi, anaketi kando ya kitanda, anamfundisha binti au mke namna ya kumgeuza mgonjwa, anaacha dawa na namba ya simu.

Bado wanaoipata ni wachache. WHO inakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 56.8 duniani wanahitaji tiba shufaa, wakiwamo milioni 25.7 walio katika mwaka wa mwisho wa maisha yao. Wanaoipata ni takriban asilimia 14 tu, na wengi wa wanaoikosa wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Dawa inayoogopwa

Turudi Kimara. Kwa wiki tatu mgonjwa amekuwa akimeza paracetamol na diclofenac za duka la dawa. Halali. Ikifika saa nane usiku anang'ata ncha ya shuka ili asimwamshe mkewe, naye mkewe amelala macho wazi akijifanya hasikii.

Kwa maumivu ya aina hii kuna utaratibu unaojulikana. Tangu mwaka 1986 WHO ilielekeza kwamba maumivu ya saratani yapandishiwe dawa kwa ngazi: ya kawaida kama paracetamol, kisha za kati kama codeine, na yakiwa makali, morphine. Miongozo imeboreshwa tangu hapo, lakini msingi haujabadilika. Mgonjwa apewe dawa kwa mdomo inapowezekana, kwa saa maalumu bila kusubiri maumivu yarudi, na kwa kiwango kinacholingana na maumivu yake.

Ili kujua kiwango hicho, mgonjwa huulizwa. Wauguzi wengi hutumia mkono: ngumi iliyofumbwa maana yake hakuna maumivu, vidole vitano maana yake hayavumiliki. Mzee ambaye hajawahi kukiri mbele ya watu kwamba anaumia anaweza kunyoosha vidole vinne bila kusema neno.

Morphine ya kunywa ni ya maji. Hutengenezwa kwa kuchanganya unga wa dawa na maji pamoja na kihifadhi, na kwingine huongezwa rangi ili chupa yenye nguvu ndogo isichanganywe na yenye nguvu kubwa. Kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa nne. Uganda ilionyesha kwamba dawa hii inaweza kutengenezwa hapahapa kwa gharama ndogo, na mwaka 2004 sheria yake ilirekebishwa ili wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuiandika, kwa sababu madaktari hawakutosha kufika vijijini.

Pamoja na hayo, chupa hiyo ikifika nyumbani huzua hofu. Jirani atasema hiyo ni dawa ya kufia. Mtoto atasema Baba atakuwa teja. Hofu zote mbili zinaeleweka, kwa sababu morphine ni dawa inayodhibitiwa na hutolewa kwa cheti cha daktari. Lakini ikitolewa kwa kiwango sahihi kwa mtu mwenye maumivu makali, uraibu ni nadra na haiharakishi kifo. Mgonjwa anayefariki siku chache baada ya kuanza dawa hiyo mara nyingi ni yule aliyeanzishiwa akiwa amechelewa.

Yapo mambo ya kuzingatia. Siku chache za mwanzo mgonjwa anaweza kusinzia sana au kusikia kichefuchefu, na hali hiyo kwa kawaida hupungua. Kukosa choo hakupungui, ndiyo maana morphine huambatanishwa na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Dozi isiongezwe wala kukatizwa ghafla bila kumuuliza muuguzi au daktari. Chupa ifungiwe mbali na watoto, na ikibaki baada ya mgonjwa kufariki irudishwe hospitali.

Kwa saratani iliyofika kwenye mifupa, mionzi pia husaidia. Wakati mwingine kipindi kimoja tu hutosha kupunguza maumivu kwa wiki au miezi. Na ipo dalili moja ambayo familia haitakiwi kuipuuza: mgonjwa wa aina hii akianza ghafla kuishiwa nguvu miguuni, kufa ganzi au kushindwa kuzuia haja, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Huenda uti wa mgongo unabanwa, na saa chache zinaweza kuamua kama atatembea tena.

"Tusimwambie, atakata tamaa"

Hili ndilo gumu kuliko dawa. Katika familia nyingi, majibu ya vipimo hupewa watoto, kisha watoto hukubaliana kuyaficha. Nia ni njema. Kuzungumzia kifo cha mtu aliye hai huonekana uchuro, na mtoto anayelianzisha anaweza kuulizwa kama ana haraka ya kurithi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa anayeficha maradhi si mgonjwa, ni waliomzunguka, na kila mmoja hulipa. Mgonjwa anauona mwili wake ukiisha, anaziona nyuso za wanaotoka kuongea na daktari, lakini hana wa kumuuliza. Watoto wanaingia chumbani wakitabasamu na kutoka wakilia jikoni. Mke hawezi kumuuliza mumewe hati ya nyumba iko wapi, kwa sababu kuuliza ni kukiri.

Dini zinazofuatwa na Watanzania wengi hazikatazi mazungumzo haya. Katika Uislamu, Mtume Muhammad alihimiza kwamba Mwislamu mwenye kitu cha kuusia asipitishe usiku mbili bila wosia wake kuwa umeandikwa. Katika Biblia, nabii Isaya alimwendea mfalme Hezekia aliyekuwa mgonjwa na kumtaka aweke mambo ya nyumba yake sawa. Hezekia aliomba, akapona, akaongezewa miaka. Kuweka mambo sawa hakukumzuia kupona.

Ukweli hautakiwi kumwagwa kama ndoo ya maji. Njia inayotumiwa na watoa tiba shufaa ni kuanza kwa kumuuliza mgonjwa mwenyewe anajua nini na angependa kujua kiasi gani. Wapo wanaotaka kila kitu. Wapo watakaosema, mwambieni mke wangu, mimi inatosha. Jibu hilo nalo liheshimiwe, mradi limetoka kinywani mwake.

Maswali machache huweza kufungua mlango. Unauelewaje ugonjwa wako? Ni kitu gani kinakuogopesha zaidi? Nguvu zikipungua, ungependa uwe wapi? Ukishindwa kusema, nani akusemee? Kuna mtu ungependa kumuona? Yasiulizwe yote kwa siku moja, wala mbele ya watu tisa. Wakati mzuri ni pale mgonjwa anapokuwa ametulizwa maumivu, maana mtu anayeumia hawezi kuwaza jambo lingine. Mtu wa kuuliza si lazima awe mtoto wa kwanza. Anaweza kuwa mjukuu anayemsomea gazeti, mchungaji, shehe au rafiki wa ujanani.

Wosia wa matibabu

Watanzania wengi wakisikia wosia hufikiria nyumba na shamba. Upo mwingine unaohusu siku ambazo mtu bado yuko hai lakini hawezi tena kujisemea.

Unaweza kuandikwa kwenye karatasi ya kawaida, kwa lugha ya kawaida, na nakala ikawekwa kwenye faili la hospitali, nyingine ikakaa na mtu aliyeteuliwa kumsemea mgonjwa. Humo mtu anaeleza kama angependa kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi na kuwekewa mashine ya kupumulia iwapo ugonjwa umefika mahali pasipo na matumaini ya kupona. Kama angependa moyo ukisimama kifua kisukumwe ili kuurudisha. Kama angependa kulishwa kwa mpira unaopitishwa puani. Anaeleza pia angependa kufia nyumbani au hospitali, aombewe na nani, nani aruhusiwe kuingia chumbani na nani asubiri nje.

Maelekezo hayo yajadiliwe na daktari anayemtibu, kwa sababu maneno kama "nisiwekewe mashine" yanaweza kumaanisha jambo moja kwa mgonjwa wa saratani iliyosambaa na jingine kabisa kwa mtu mwenye nimonia inayotibika. Na yanaweza kubadilishwa wakati wowote. Mtu aliyekataa kulazwa mwezi Machi anaweza kutaka kulazwa mwezi Mei.

Huku si kuomba kuuawa. Kukatisha uhai wa mtu kwa makusudi ni kosa la jinai nchini, hata kama mwenyewe ameomba, na tiba shufaa haiharakishi kifo. Inachokataa ni kumbebesha mtu mateso ya matibabu ambayo hayamsaidii tena.

Wosia wa mali

Upande huu sheria ina mengi ya kusema. Kwa wanaofuata sheria za kimila chini ya tangazo la mwaka 1963, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika hushuhudiwa na watu wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma na kuandika anahitaji wanne. Wosia wa mdomo nao unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Mwenye wosia awe na akili timamu na asiwe ameshurutishwa, jambo ambalo ni rahisi kulithibitisha akiwa bado anakaa na kuzungumza kuliko akiwa mahututi. Ni busara mashahidi wasiwe miongoni mwa wanaorithi.

Kwa Waislamu, wosia hauvuki theluthi moja ya mali baada ya kulipa madeni na gharama za mazishi, na theluthi hiyo hapewi ambaye tayari ni mrithi, isipokuwa warithi wengine wakiridhia. Sehemu inayobaki hugawanywa kwa mafungu yaliyowekwa na dini.

Wosia unaweza kuhifadhiwa kwa wakili, benki, mahakamani au kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (Rita), ambao pia husaidia kuuandika. Kuuficha chini ya godoro ni hatari, kwani anayeupata kwanza anaweza asiwe anayetaka usomwe. Pasipo wosia, ukoo hukaa kikao kumpendekeza msimamizi wa mirathi, kisha mahakama humthibitisha. Katika kikao hicho ndipo wajane wengi hugundua kwamba nyumba waliyojenga kwa miaka 30 ina majina yasiyo yao.

Pamoja na wosia, familia inahitaji orodha fupi ya mambo ya kila siku: hati au leseni ya makazi iko wapi, nani anadaiwa na nani anadai, kuna hisa kwenye Saccos au kikoba, majina ya wategemezi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii ni ya nani, akaunti iko benki gani, kwenye simu kuna fedha kiasi gani. Wapo wanaume ambao fomu zao za mfuko bado zina jina la mama mzazi aliyefariki, kwa sababu walizijaza wakiwa hawajaoa.

Anayeuguza naye anachoka

Katika nyumba ya Kimara, anayeamka usiku ni mama. Ana miaka 66 na shinikizo la damu. Anayefua mashuka ni binti wa tatu, aliyeomba likizo bila malipo. Wanaotoa hoja sebuleni wataondoka kesho asubuhi.

Tiba shufaa huwahesabu wauguzaji kuwa sehemu ya kazi. Hufundishwa kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, kumsafisha kinywa kwa kitambaa laini, kuangalia mpira wa mkojo usizibe. Hufundishwa pia kugawana zamu kwa maandishi: nani Jumatatu usiku, nani analipia nepi za watu wazima, nani anampeleka mama kliniki yake mwenyewe. Mtoto aliye mbali anaweza kulipia wa kusaidia kufua. Mchango huo ni mkubwa kuliko ushauri wa simu.

Wajukuu nao waambiwe kwa maneno ya umri wao. Mtoto anayeambiwa babu "amesafiri" atasubiri arudi na zawadi. Anayeambiwa "amelala" anaweza kuanza kuogopa kulala. Babu ni mgonjwa sana, madaktari wanampa dawa asiumie, na huenda akafariki: maneno hayo yanatosha, na atauliza akitaka zaidi.

Siku za mwisho zikikaribia, zipo dalili ambazo familia ikizijua mapema haitaingiwa na hofu. Mgonjwa hulala muda mrefu zaidi. Hupoteza hamu ya kula na kunywa. Mikono na miguu huwa ya baridi. Pumzi hukatika na kurudi, na koo linaweza kutoa mlio wa makohozi.

Hapo ndipo wengi hukosea kwa upendo. Humlazimisha uji, nao hupita njia ya hewa. Mwili unaofunga kazi hauhitaji chakula kama zamani, na mtu hafi kwa sababu hakula; amepunguza kula kwa sababu anakufa. Kinachomsaidia ni kulowanishwa midomo kwa pamba yenye maji, kulazwa kwa ubavu ili makohozi yatoke, taa isiyoumiza macho na mtu wa kumshika mkono. Azungumzwe naye hata akiwa hajibu, kwani wataalamu huamini kusikia ni miongoni mwa hisia zinazodumu hadi mwisho. Kwa sababu hiyohiyo, ugomvi wa nyumba usifanyike kando ya kitanda chake.

Mlango wa chumbani

Saa nne usiku, kikao cha Kimara kimekwama. India imekataliwa na wawili, Tanga na watatu. Binti wa tatu anainuka, anasema anaenda kumpa Baba maji. Anafunga mlango nyuma yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mmeshauza shamba?"

Binti anakaa kitandani. Hajui aanzie wapi, anaanza na swali rahisi kuliko yote: Baba, wewe unataka nini?

Mzee ananyamaza muda mrefu. Kisha anasema anajua si mgongo. Alijua tangu siku daktari alipomtoa nje na kumbakiza mtoto wake ndani. India haitaki. Anataka kulala usiku. Anataka nyumba hii iandikwe jina la mama yao kabla hajafumba macho, ili asije akaambiwa ahame. Na jambo la tatu ni Ugweno.

Binti anamwambia asiwe na wasiwasi, atazikwa nyumbani, familia imeshaanza kuchanga fedha za basi na jeneza.

"Mwanangu," anasema mzee, "mnataka kunipeleka nikiwa maiti. Nipelekeni sasa hivi, nikamwone dada yangu. Mkinizika hapa Kinondoni baadaye, mimi sina neno."

Dada huyo ana miaka 79 na hawezi tena kushuka mlima. Hawajaonana kwa miaka sita.

Safari ya aina hiyo inawezekana kwa mgonjwa wa aina hiyo, ikipangwa mapema. Inahitaji morphine iliyoanza siku kadhaa kabla, ili daktari ajue inamtosha. Inahitaji barua ya hospitali inayoeleza ugonjwa na dawa aliyobeba, gari dogo lenye kiti kinacholala, mto chini ya nyonga, vituo vya kupumzika, na pengine kulala njiani. Inahitaji hospitali ya karibu na huko anakokwenda kupewa taarifa. Gharama yake ni sehemu ndogo sana ya India, na ni ndogo kuliko kusafirisha maiti na waombolezaji basi zima.

Ikisubiri wiki sita, haitawezekana.

Binti anatoka chumbani. Sebuleni wanamtazama. Anawaomba wahamishe viti, kikao kiendelee kule ndani, mwenye kikao yuko macho. Mama ndiye wa kwanza kusimama. Anachukua kikombe chake cha chai na kimoja cha mumewe.